Mjadala: Bahari ikichafuka, nani aseme boti ya Pemba isiondoke, na abiria aliyekwama alelewe na nani?

Ndugu zangu, kila mwaka upepo wa kusi unaposhika, hasa kati ya Juni na Agosti, hurudi ubishi uleule baina yetu sisi tunaoishi kwa kuvuka maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, je, boti za abiria zizuiwe kwa amri ya Serikali, au uamuzi abaki nao nahodha? Naongeza swali la pili, ambalo kwa kawaida halipewi nafasi: familia iliyozuiwa bandarini ikiwa na watoto na mizigo yake, gharama zake abebe nani? Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Amri itoke kwa mamlaka isiyouza tiketi, itoke usiku wa kuamkia safari, na iambatane na wajibu wa kumtazama abiria, kwa sababu amri isiyo na wajibu huo humtoa mtu kwenye boti na kumsukuma kwenye jahazi.

Nianze na bahari yenyewe, kwa kuwa wengi wanaolalamikia kuahirishwa kwa safari huipima kwa macho wakiwa wamesimama Malindi, kwenye bandari ya mji wa Unguja. Chombo kinachotoka bandari hiyo kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, hupita upande wa magharibi wa kisiwa, na kwa sehemu kubwa ya mwanzo wa safari kisiwa chenyewe humkinga abiria na mawimbi yanayotoka bahari kuu. Kinga hiyo huisha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Baada ya hapo ni uwazi wa Bahari ya Hindi kwa upande wa mashariki, mkondo wenye nguvu unaoelekea kaskazini, na mawimbi yanayoipiga boti ubavuni. Hapo ndipo wahudumu hupita kiti hadi kiti wakigawa mifuko ya kutapikia, na waliokuwa wakitaniana dakika kumi nyuma huinamisha vichwa na kuanza kuleta uradi. Kwa hiyo mtu anayesema "mbona bahari shwari?" akitazama maji ya Malindi hasemi uongo, ila anatazama bahari isiyohusika. Wala tusidhani kwamba kusi likipita basi shida imekwisha: wakati wa kaskazi upepo huvuma dhidi ya mkondo, na mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama, ambayo chombo kidogo huyaogopa kuliko yale marefu ya kusi.

Sasa hoja ya nahodha. Wanaoitetea husema kwamba aliyeshika usukani miaka ishirini anaijua bahari kuliko afisa aliyekaa ofisini, na kwamba maboti hayafanani, kwa hiyo kipimo kimoja cha mawimbi kwa vyombo vyote ni uonevu. Hoja hii ina uzito, hasa sehemu yake ya pili. Lakini nahodha ni mwajiriwa. Tiketi zimeuzwa, abiria wamejaa ukumbini, mwenye chombo anapiga simu, na kesho kutwa ni sikukuu. Kumwachia mtu huyo peke yake neno la mwisho ni kumtwisha mzigo usio wake. Napendekeza mamlaka yake yawe ya upande mmoja: awe na haki ya kukataa kuondoka hata kama amri imeruhusu, bila kupoteza kazi, na asiwe na haki ya kuondoka pale amri ilipokataza.

Tusisahau tulikotoka. Mv Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, siku chache baada ya Idi, ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi, na tume iliyoundwa ilihesabu waliokufa na kupotea kuwa zaidi ya 1,500. Haikupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, Mv Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani, katika upepo mkali wa kusi. Chombo hicho kilijengwa mwaka 1989 na kilitumika kuvusha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani. Msiba wa kwanza haukuhitaji dhoruba, ulihitaji tamaa tu na orodha ya abiria isiyo ya kweli. Wa pili ulikuwa hasa mkutano wa chombo kisichofaa na bahari ya Julai. Ninaitaja yote miwili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kuzuia safari siku za upepo kunatosha, ilhali siku inayofuata katazo ndiyo yenye hatari ya pekee: abiria wa siku mbili wanataka kuingia katika chombo kimoja.

Kuna wakati amri ilifanya kazi vizuri. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea kuelekea Mafia, ambako kilifika tarehe 4, tahadhari zilitolewa siku kadhaa kabla, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa, na watu wengi waliahirisha wakiwa bado nyumbani. Kimbunga lakini kina jina na hutangazwa kwenye redio kila saa. Tatizo letu ni siku ya kawaida ya kusi, yenye angalizo la kawaida, ambayo hakuna anayejua kama boti itaondoka mpaka asimame mbele ya dirisha la tiketi.

Katika siku moja kama hiyo niliiona familia iliyokuwa inakwenda harusini Mkoani. Mama alikuwa ametandika kanga chini, watoto wawili wamelala juu ya mabegi, na sanduku la bibi harusi limefungwa kamba mara tatu lisifunguke njiani. Likatoka tangazo la sentensi moja: safari imeahirishwa, rudini kesho. Nauli ilikuwa salama, hilo niseme kwa haki, lakini ndugu wa kuwapokea mjini hawakuwa nao, nyumba ya wageni ilitaka fedha kuliko nauli ya wote wanne, na ndege ya Chake Chake hata haikutajwa. Haikupita nusu saa, baba alikuwa pembeni akiuliza kwa sauti ya chini kuhusu jahazi la mizigo linaloondoka kwenye bandari bubu, yaani isiyo rasmi, ya kaskazini. Mkewe alikataa. Si kila mke atakataa, na si kila harusi inasubiri.

Najua kampuni zitajibu kwamba zikilazimishwa kulisha na kulaza abiria, nauli itapanda, na anayeumia ni mnyonge yuleyule. Ndiyo maana sitaki hoteli. Nataka ukumbi wa bandari ubaki wazi usiku, uwe na maji, vyoo na mahali pa kumlaza mtoto. Nataka tiketi ihamishwe bila faini na bila kupanga foleni upya, wagonjwa na wenye watoto wachanga wakitangulia. Na nataka siku inayofuata idadi ya wanaopanda ihesabiwe na mtu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, asiyelipwa na mwenye boti. Sehemu ya gharama ya ukumbi inaweza kutoka kwenye ada ya bandari ambayo abiria analipa tayari.

Ipo pia hoja ya wanaosema familia zijifunze kupanga safari zao nje ya msimu wa upepo. Kwa mtalii ni ushauri mwema. Kwetu, Idi Kubwa kuanzia 2020 hadi 2024 iliangukia kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai, jamaa wa London huja na watoto Julai na Agosti kwa sababu ndipo shule zao zinapofungwa, na maiti haingoji bahari itulie.

Kwa wanaotetea uhuru wa nahodha, naomba mnijibu jambo moja mahususi: nahodha aliyekataa kuondoka siku ambayo mwenye boti alitaka aondoke, sheria gani itamlinda asifukuzwe Jumatatu? Na kwa wanaotaka katazo kali zaidi yangu, semeni ni nani atakayesimama kwenye bandari bubu siku hiyo.