Asubuhi napaa, saa nane mchana miguu imekufa. Siku nzima ya baiskeli mnaigawaje?

Pancha_Tena

Wakuu, nipo katikati ya safari ndefu ya baiskeli, barabara za mashambani tupu: lami kidogo, changarawe nyingi. Kwenye keria nimefunga kama kilo 18. Mpango ni kilomita 100 kwa siku. Naanza saa moja asubuhi, ikifika saa tano nimeshamaliza 60 na najiona bingwa. Saa nane mchana, kwisha habari. Kila kilima nasukuma, upepo unanipiga usoni, vidole viwili vya mwisho vya mkono vimekufa ganzi. Hizo 40 zilizobaki zinanipeleka mpaka giza.

Wenzangu mnaigawaje siku? Au ni mazoezi tu sina?

Bibi_wa_Keria

Marahaba, ingawa hukunisalimu.

Mazoezi unayo. Asiye na mazoezi hafikishi kilomita 60 saa tano na mzigo huo. Kinachokumaliza ni huo ubingwa wa asubuhi. Hewa inadai kwa riba: ukiongeza mwendo kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 25, nguvu ya kupambana na hewa peke yake inakaribia kuwa mara mbili. Mimi saa ya kwanza naenda mwendo wa kumsimulia mtu hadithi bila kuhema. Nikiwa peke yangu naimba, wimbo ukikatika nashusha gia.

Na huo upepo hauna ugomvi na wewe. Jua likishapasha ardhi, hewa ya chini inapanda, ile ya juu iendayo kasi zaidi inashuka. Ndiyo maana alfajiri majani yametulia na mchana shamba zima linayumba. Ukiwa unakwenda kilomita 20 kwa saa halafu upate upepo wa mbisho wa kilomita 15, hewa inakusukuma nyuma mara tatu kuliko siku tulivu. Kung'ang'ania mwendo uleule hapo ni ubishi tu. Jioni nikifungua ramani natafuta kitu kimoja: tambarare isiyo na miti iko wapi? Hiyo naimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Mabonde na njia zenye miti naziwekea mchana, hata kama zinazunguka kidogo.

Hujasema unakula saa ngapi. Nahisi unangoja njaa, na njaa ikishafika umechelewa. Wanga uliowekwa kwenye misuli na ini, kwa kazi nzito, unakupeleka kama saa moja na nusu hadi mbili. Anza kutafuna ndani ya saa ya kwanza, gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi ya wastani ina kama 27. Kidogo kidogo, ukiwa juu ya kiti. Mlo mzito kisha kilima, hiyo ni adhabu ya kujitakia.

Vidole: kuna neva inapita kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho, nawe umeilalia. Inua usukani kidogo. Angalia kiti kisiwe kimeinamia mbele, maana kinakumwagia uzito wote mikononi. Badilisha mshiko kila mara. Ganzi ikiwa haiondoki hata baada ya kupumzika siku kadhaa, mwone daktari.

Na hizo kilomita 100 nani alikuamuru? Kilomita ya lami na ya changarawe si ndugu. Mimi napanga saa za kukaa kitini. Zikiisha, natafuta pa kulala.

Spoku_36

Bibi, kwa heshima zote, hapo kwenye saa napingana. Mashambani maji hayapo kila mahali. Akisimama popote saa zinapoishia, atalala na chupa tupu. Mimi nachagua kwanza pa kulala penye maji, kisha nahesabu kurudi nyuma.

Halafu mchana silumbani na upepo. Saa sita hadi saa tisa nipo kivulini. Jioni hewa ikitulia napata saa mbili tamu kuliko zote.

Bibi_wa_Keria

Maji nakubali, mwanangu, yanatangulia saa na kilomita. Hilo la kulala kivulini waachie wenye magoti mapya. Na jioni ukielekea magharibi, dereva anayekuja nyuma yako jua limemjaa machoni, hakuoni. Vaa kitu kinachong'aa, washa taa ya nyuma, la sivyo simama.

Mteremko_Mrefu

Naongeza moja kwa Pancha. Kwenye brevet, yaani safari ya baiskeli ya masafa marefu yenye muda wa mwisho wa kumaliza, ile ya kilomita 200 unapewa saa 13 na nusu, yaani wastani usiofika hata kilomita 15 kwa saa, kusimama kumo ndani. Paris–Brest–Paris, safari ya namna hiyo huko Ufaransa iliyoanza mwaka 1891, ni kama kilomita 1,200 kwa saa 90. Wanaomaliza wengi si wenye kasi, ni wale wasiopoteza muda wakiwa wamesimama. Pima mara moja dakika zako za kukaa kando ya barabara, utashangaa.

Pancha_Tena

Shikamoo Bibi, nisamehe. Nimewaelewa nyote, kula nilikuwa nangoja njaa kweli. Kesho kuna mlima wa kilomita 12, changarawe mwanzo hadi mwisho. Niupande au nisukume? Na tairi nijaze upepo sana ili ziwe nyepesi?

Bibi_wa_Keria

Marahaba. Hiyo ndiyo salamu.

Panda kwa gia ndogo kabisa uliyonayo, na uiweke kabla mlima haujaanza kuuma, si ukiwa umeshakwama. Mwendo ukishuka mpaka usukani unayumba, shuka utembee, misuli mingine nayo ifanye kazi. Kusukuma hakujawahi kumfukuza mtu barabarani.

Upepo punguza, usijaze. Tairi ngumu kwenye changarawe inarukaruka, na kila mruko ni nguvu yako inapotea. Usipunguze mpaka rimu igonge mawe, maana jina lako tayari ni Pancha.

Kinachonitisha zaidi ni kushuka upande wa pili. Kama breki zako ni za rimu, usizikamate mfululizo, na mzigo huo rimu zinachemka hadi tyubu kupasuka. Bana, achia, bana. Tairi zako zina upana gani?