Naomba ushauri: kuwafundisha watoto wadogo dunia na watu wake

Habari zenu ndugu zangu. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 4. Jioni nawafundisha jiografia nyumbani, na sasa nimekwama.

Nilianza na ramani ya ukutani. Mkubwa akayashika mabara yote 7 ndani ya wiki mbili, nikajiona mwalimu kweli. Kisha akaniuliza mbona kisiwa cha Greenland kinalingana na Afrika. Nikamweleza kuwa Afrika ni kubwa mara 14 hivi, ila ramani ile imechorwa kwa mtindo wa mchoraji ramani Mercator wa mwaka 1569, unaozivimbisha nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Hakuniamini. Nikaleta tufe, tukakata karatasi kwa umbo la Greenland na kuisogeza hadi juu ya Afrika. Hapo akacheka. Mdogo yeye anaona tufe ni mpira tu, analizungusha mpaka ling'oke kwenye kishikio.

Kinachonisumbua hasa ni tamaduni. Kila nchi wanabaki na picha moja kichwani: Japani ni kimono, Wainuit, wenyeji wa kaskazini kwenye baridi kali, ni nyumba za barafu. Juzi nilimwonyesha mkubwa picha ya watu wa Tokyo ndani ya treni, wamevaa suti. "Hawa si Wajapani," akasema. Kosa ni langu, naliona.

Naomba kujua: mnaanzia wapi ili mtoto aone maisha ya kila siku ya watu, si mavazi ya sherehe tu? Na huyu wa miaka 4, nimwache kwanza au kuna mchezo unaomfaa?