Unga wa nano wa alumina ndani ya nta ya tangi la sola: una faida?

FundiSola_Kisauni
Salaam wakuu. Kuna kazi ya nyumba ya wageni Nyali: tangi la lita 200, sola ya mabomba ya vioo, na mteja ataka maji ya moto ya kuoga mpaka alfajiri bila hita ya umeme. Mpango ni kilo 40 za nta ya parafini ya 58/60 (inayoyeyuka kati ya nyuzi 58 na 60), itiwe kwenye mabomba ya shaba ya kipenyo cha milimita 100 na kuzamishwa tangini, ili ihifadhi joto ikiyeyuka mchana na kulitoa ikiganda usiku. Nta haipitishi joto vizuri, ndipo nikafikiria kuichanganya na unga wa nano (chembe ndogo mno) wa alumina, yaani oksidi ya alumini, asilimia 3 kwa uzani. Utakaa ndani ya nta au utatuama? Maji ni ya kisima, yana chumvi.

mkemia_tudor
Utatuama, fundi. Lijaribu kwanza kwenye chupa ya kioo: iyeyushe nta ndani ya maji ya nyuzi 75, iache igande, rudia mara 30. Nta safi ikiyeyuka huwa angavu, yenye alumina huwa kama tui. Ukiona juu pameangaa na chini pamebaki tui zito, chembe zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na kuzama. Asidi ya oleiki (ya kuzuia chembe zisishikane) na saa moja ya mashine ya mawimbi ya sauti huchelewesha hilo, hazilizuii, kwa sababu kila nta inapoganda inazisukuma chembe kwenye mafungu.

Lakini hata usingetuama, faida iko wapi? Alumina ni nzito mara nne na zaidi kuliko nta. Asilimia 3 kwa uzani ni kama 0.7 tu kwa ujazo, na kwa ujazo huo upitishaji joto huongezeka takriban asilimia 2. Hapo umeshapoteza asilimia 3 ya joto fiche (lile nta inalomeza ikiyeyuka na kulitoa ikiganda) na nta imekuwa nzito kutiririka ikiyeyuka.

Tatizo lako ni unene wa bomba. Muda wa kuganda hufuata mraba wa nusu kipenyo. Chukua joto fiche kJ 200 kwa kilo, upitishaji joto wa nta 0.2 W/m·K, na maji yaliyo nyuzi 15 chini ya joto la kugandia:
- bomba la mm 100: saa 10 na zaidi
- la mm 40: kama dakika 100
- la mm 25: kama dakika 40

Nano itakupunguzia dakika 12 kwenye zile saa 10. Mteja atakuwa ashaoga maji baridi, nta ya katikati bado uji.

FundiSola_Kisauni
Ahsante, nimekuelewa. Basi mm 40, yatakuwa mangapi? Na je, grafiti?

mkemia_tudor
Bomba la mm 40 lenye urefu wa mita moja hubeba chini kidogo ya kilo 0.9 ukiacha sehemu moja ya kumi tupu. Kilo 40 ni mabomba kama 45. Nafasi hiyo usiidharau: nta ikiyeyuka hutanuka asilimia 10 hadi 15. Jaza ikiwa ya moto, kizibo ukichomelee baada ya kupoa. Iyeyushe kwa sufuria ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto wenyewe.

Grafiti iliyotanuliwa (kaboni iliyofumuliwa ikajaa vitundu) ni habari nyingine. Asilimia 10 kwa uzani hupandisha upitishaji mara kadhaa, maana vipande vyake hugusana na kufanya mtandao, na nta hunywewa kwenye vitundu vyake, haitiririki. Haituami. Ila usiikoroge kwa nguvu, mtandao utavunjika.

Maji_Chumvi
Kwa maji ya kisima, asikushawishi mtu kuweka mikebe ya alumini kwenye tangi moja na shaba. Chumvi ikishaunganisha hizo mbili, alumini ndiyo huliwa, inatoboka na nta inaelea mpaka kwenye bomba la kuogea. Plastiki pia hapana: parafini ya moto huweza kuipenya na kuilegeza. Shaba yote, au chuma cha pua cha 316, kinachostahimili chumvi zaidi.

Nta yenyewe ipime kabla ya kulipa. Tia kipimajoto kwenye nta iliyoyeyuka, andika kila dakika mbili. Joto litakaposimama bila kushuka, hapo ndipo inapogandia.

Kusi_Kaskazi
Mafuta ya nazi je, kwenye dari ili nyumba ipoe? Yapo tele, bei nafuu.

mkemia_tudor
Huyeyuka karibu nyuzi 24. Wakati wa kusi chupa jikoni huganda asubuhi, lakini Machi, joto linapokaba kwelikweli, usiku haushuki vya kutosha kuyagandisha. Yasipoganda usiku hayana cha kunyonya mchana.

Maji_Chumvi
Fundi, hesabu moja zaidi. Mabomba 45 yatafukuza kama lita 60 za maji tangini. Tangi likishuka kutoka nyuzi 75 hadi 45, lita hizo 60 peke yake zingetoa MJ (megajuli) 7.5, na kilo 40 za nta zitatoa kama MJ 10.5. Faida ni MJ 3 tu. Likicheza kati ya 65 na 50, maji ni MJ 3.8 na nta 9.3, hapo nta inalipa. Lakini sola ya vioo kwa jua la Mombasa hulipeleka tangi mbali zaidi ya 65, kwa hiyo utabaki na ile faida ndogo. Kama mteja ana nafasi juu ya paa, muulize kwanza bei ya tangi la lita 300.