Noir ya ndugu wasiopatana: House by the River, Ladies in Retirement au The Spiral Staircase?

Mshumaa3
Wakuu, habari zenu. Jumamosi jioni nina filamu moja ya kuonyesha na nimekwama kwenye tatu. Zote ni noir, yaani zile filamu za zamani za uhalifu zenye giza na vivuli vingi, za nyeusi na nyeupe, zote hadithi yake inarudi nyuma hadi enzi za taa za mafuta na magauni marefu, na zote zina ndugu wanaoangamizana wakiwa chini ya paa moja.

Ni House by the River ya Fritz Lang (1950), Ladies in Retirement ya Charles Vidor (1941) na The Spiral Staircase ya Robert Siodmak (1946). Ya Lang nimeiona nusu, hizo mbili bado. Aliyeziona zote anisaidie: ipi bora?

Mzee wa Projekta
Bora kwa nani, mkuu? Filamu umezitaja zote, watazamaji hukuwataja hata mmoja. Wako wangapi? Wamezoea filamu za zamani? Kiingereza kinapanda au wanahitaji maandishi chini? Wana uvumilivu wa muda gani? Jibu hayo kwanza. Kwa haraka haraka: ya Siodmak inatisha, ya Lang inachafua moyo, ya Vidor inabana kifua. Sasa sijui wewe unataka kuwafanya nini hao watu wako.

Bi Sauda
Ladies in Retirement, wala sisiti. Ida Lupino ni Ellen, mtunza nyumba wa bibi mmoja aliyestaafu uigizaji, katika nyumba ya upweke kandokando ya vinamasi huko Uingereza. Ana dada wawili, Emily na Louisa, ambao akili zao haziko sawa. Anawaleta wakae siku chache, siku zinageuka wiki, mwenye nyumba anachoka na kusema waondoke. Ellen hana pa kuwapeleka isipokuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndipo anapoua. Sijaharibu uhondo, hilo linafahamika mapema na filamu haitegemei siri hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba Ellen si mtu mbaya. Ameua kwa sababu ya upendo, na wale aliowaulia hawajui lolote. Emily anaokota vitu mtoni na kuvitandaza sebuleni kana kwamba ni hazina. Lupino alikuwa na miaka 23 tu, anaigiza mwanamke ambaye ujana umeshampita, na unamwamini kabisa. Mimi ni kifungua mimba kwetu. Ule uso naujua, wa mtu anayesikiliza kila neno la mdogo wake akiogopa litamponza.

KivuliUkutani
Kwa heshima zote, hapo hakuna noir hata moja. Noir ni jiji, mvua, wahalifu na pesa. Hizo ni tamthilia za majumba ya kale zenye maiti ndani. Ukitaka noir ya ndugu, tafuta Force of Evil ya 1948. John Garfield ni wakili wa genge linaloendesha kamari ya namba New York, kaka yake naye ana benki ndogo ya kamari hiyohiyo, yaani kijiofisi cha kupokea dau na kulipa washindi, na mpango wa kumtajirisha mdogo ndio unaomfilisi mkubwa. Pale mwisho Garfield anaposhuka ngazi kuelekea mtoni, chini ya daraja, kumtafuta kaka yake, mimi huwa siongei na mtu mpaka kesho yake.

Mzee wa Projekta
Jina lenyewe ni la Wafaransa. Filamu za Marekani zilizokosekana wakati wa vita zilifika Paris kwa mkupuo, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank akaziita noir, yaani nyeusi. Noir ni mwanga na hatia, koti la mvua ni nguo tu. The Spiral Staircase ilipigwa picha na Nicholas Musuraca, huyohuyo aliyepiga Out of the Past, noir ambayo hata wewe huwezi kuikataa, mwaka uliofuata. Kivuli chake kikianguka kwenye ngazi za jumba la mwanzoni mwa karne ya 20 ni kilekile kinachoanguka uchochoroni.

KivuliUkutani
Musuraca nakubali, ni fundi. Lakini fundi mmoja akijenga msikiti na ghala, ghala haliwi msikiti.

Mshumaa3
Samahani nimechelewa kurudi. Watazamaji ni mimi na ndugu zangu, tuko wanne. Tangu mama afariki hatujawahi kukaa chumba kimoja, mwaka wa tatu huu, sababu ni nyumba aliyotuachia. Mdogo wetu wa mwisho ndiye aliyeomba tutazame filamu kama tulivyokuwa tukitazama na mama. Yeye mama alipenda hizi za giza, ndiyo maana sitafuti vichekesho. Kiingereza tunaelewa. Muda saa moja na nusu, isizidi sana.

Bi Sauda
Mshumaa, ungeanzia hapo! Pole sana kwa kufiwa na mama. Basi niulize: kati yenu yupo aliyebeba wengine zaidi? Kama yupo, Ladies in Retirement itamgusa pabaya, au pazuri, inategemea nani amekaa karibu naye.

Nahodha wa Usiku
Nisikilizeni mimi niliyeyapitia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua diski ya House by the River kwa muuzaji ambaye sitamtaja, nikawaita kaka zangu wawili. Jalada lilipendeza, ndani balaa. Nakala ya nakala ya nakala, kila kilichokuwa kijivu kimekuwa masizi. Na filamu ile uhai wake uko mtoni usiku: maji yanang'aa kidogo, gunia linaelea, Stephen anapiga makasia akilifukuza. Sisi tuliona weusi mtupu na kusikia maji. Kaka mkubwa akawa anauliza kila dakika nani yuko wapi.

Tukavumilia. Stephen, mwandishi asiye na mafanikio, amemnyonga mtumishi wa ndani. John, ndugu yake mwenye mguu mbovu, amemsaidia kumtia kwenye gunia na kumtosa mtoni, na gunia lenyewe lina jina la John. Mto ule unapwa na kujaa, ukiutupia kitu unakurudishia. Gunia linapatikana, watu wanaanza kumwangalia John kwa jicho baya, na Stephen ananyamaza, anaacha mwenzake abebe. Hapo diski ikaganda. Tukaitoa, tukaifuta, tukairudisha, ikaganda palepale.

Tukawasha taa. Kaka mkubwa akasema, tena kwa upole, "John naye kajitakia, nani alimtuma asaidie?" Sasa huyo kaka wa pili aliwahi kulipa mkopo wa kaka mkubwa kwa miaka minne bila kumwambia mtu. Alisimama, akachukua koti, akatoka. Walikaa miezi hawasalimiani. Naamini mpaka leo mwisho wa filamu ungetusaidia, kwa sababu Lang hamwachi Stephen salama. Sisi tuliishia kwenye dhambi, hukumu hatukuifikia.

Mshumaa3
Nahodha, nimeisoma mara mbili. Nusu niliyoiona iliishia karibu na hapo hapo.

Lulu_K
Mbona hamtaji The Strange Affair of Uncle Harry? Siodmak tena, 1945. George Sanders anaishi na dada zake wawili, anampenda mwanamke, na dada mmoja, Lettie, anaugua kila harusi inapokaribia. Geraldine Fitzgerald anaigiza ugonjwa ule kwa namna ambayo utatamani kumpa dawa na kumfukuza kwa wakati mmoja. Kwa ndugu wanaogombea nyumba, hiyo ndiyo yenyewe.

Mzee wa Projekta
Lulu, mwisho wa hiyo umeharibiwa. Kanuni za maadili za Hollywood hazikuruhusu mhalifu asiadhibiwe, wakabandika mwisho mwingine kuwaridhisha wakaguzi. Joan Harrison, mtayarishaji, aliondoka Universal kwa sababu hiyo. Mtu aliyeacha kazi kwa ajili ya mwisho wa filamu, mimi namheshimu kuliko filamu yenyewe.

Lulu_K
Dakika mbili za mwisho hazifuti sabini na kitu zilizotangulia. Mimi huzima kabla hazijafika.

KivuliUkutani
Unazima? Halafu unasema umeiona?

Lulu_K
Nimeiona ile aliyoitaka Siodmak.

mtazamaji77
Nendeni na Spiral Staircase, haina lawama kwa mtu. Binti asiyeweza kusema, dhoruba, muuaji anayewawinda wanawake wenye ulemavu, Ethel Barrymore kitandani akiona kila kitu. Mwanzo wake tu, watu wanatazama filamu bubu chini huku juu ghorofani mtu anauawa, utatosha kuwanyamazisha ndugu wote. Na muuaji, nawaambia, ni yule

Bi Sauda
Ishia hapo hapo!

mtazamaji77
Sawa, nimeishia. Ila ugomvi wa wale kaka wawili wa jumba lile ni sehemu ndogo tu, Mshumaa. Hautawachoma.

Mshumaa3
Mdogo wangu nimemwonyesha mazungumzo haya. Yeye anataka ya Lang, anasema tumeshaficha vya kutosha. Dada anataka ya Siodmak. Mimi niliegemea ya Lupino mpaka nilipoulizwa nani aliyebeba wengine. Kaka mkubwa ameusoma ujumbe wangu, hajajibu.

Nahodha wa Usiku
Ukichagua ya Lang, kaa nayo peke yako kwanza mpaka jina la mwisho lipite. Angalia hasa usiku wa mtoni. Kama huoni makasia, usiwaite watu.

Mzee wa Projekta
Halafu angalia jambo hili: Louis Hayward ndiye Stephen kwa Lang, na kwa Vidor ndiye Albert, kijana mjanja anayenusa siri ya Ellen. Miaka tisa katikati, tabasamu lilelile.

Bi Sauda
Na Vidor alipokuwa akipiga picha hiyo, Hayward na Lupino walikuwa mume na mke. Rudieni kutazama anavyombana kwa maswali, naye Lupino anavyokataa kumtazama usoni.

KivuliUkutani
Hilo sikulijua. Bado si noir, lakini nitaitafuta.