Mizizi yetu ipimwe kwa TB au tuache?

Mtoto wa Same: Wakuu, tuna miti kibao wazee wanaitumia kwa kikohozi sugu, na pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili. Kwanini serikali isitie hela ya maana ipimwe kwa bakteria wa TB? Dawa ya TB streptomycin ilitoka kwenye kijidudu cha udongoni 1943, rifampicin, nayo dawa ya TB, asili yake udongo wa Ufaransa. Udongo wetu una kasoro gani?

Binti Maabara: Mbona inapimwa kaka. Unasaga majani, unaloweka kwenye spiriti, unachuja, unaangalia kiasi gani kinazuia bakteria wasikue. Shida wengi wanapimia kwa ndugu yake TB asiye na madhara, maana TB yenyewe inataka maabara yenye ulinzi mkali, alafu inajigawa mara moja kwa kama saa 20 hivi, unasubiri wiki na wiki. Mtu akipata jibu hapo tu anatangaza dawa! Hata Jik inaua kwenye kisahani cha maabara. Hatutaki Loliondo nyingine, ile ya kikombe cha Babu kilichodaiwa kutibu magonjwa sugu.

Mzawa wa Ngorongoro: Loliondo imeingiaje hapa?? Babu Mwasapile alichukua sh 500 tu kwa kikombe, hakumlazimisha mtu. Mkishasoma kidogo mnatukana wazee.

Kigoda: 500 ya kikombe sawa, na nauli je? 2011 watu walikodi magari kwa hela za kuuza ng'ombe, foleni kilomita na kilomita, wengine wakaacha ARV kabisa. Hilo unaliitaje?

Mzawa wa Ngorongoro: Na mawaziri waliokwenda kunywa nao hawakusoma? Waulize hao kwanza.

Kigoda: Ndio maana nakasirika, wakubwa walikunywa wakarudi kwenye hospitali zao, mwananchi akabaki na kikombe.

Mama Neema: Naombeni muache Loliondo. Mimi nimemuuguza mdogo wangu, TB. Miezi miwili akajisikia mzima, jirani akamletea mizizi akaacha vidonge, dozi ni miezi 6 jamani. Ikarudi, safari hii sugu. Sina ugomvi na mti ila usimpe mgonjwa kitu ambacho hakijapimwa ukamwambia aache vidonge.

Binti Maabara: Pole sana mama. Hilo ndilo nalosema, kuzuia bakteria kwenye kisahani ni hatua ya kwanza, bado sumu kwa ini, bado wanyama, bado watu, bado kujua inagombana vipi na rifampicin.

Mzawa wa Ngorongoro: Sawa dada, ikipita hatua zote hizo jina linakuwa la nani? Huyo Schatz aliyeipata streptomycin alikuwa mwanafunzi tu, Nobel ya 1952 akapewa bosi wake Waksman peke yake, mpaka kesi walipelekana. Mwanafunzi wa Marekani kafanyiwa hivyo, bibi yangu wa kijijini itakuwaje?

Mtoto wa Same: Hapo umenigusa mkuu. Kumbe hela siyo swali peke yake.

Kigoda: Usimkwepeshe, hajajibu ya ARV.

Mzawa wa Ngorongoro: Kigoda ntakujibu baadae. Dada, mganga akileta mzizi maabara kwenu anasaini nini?

Binti Maabara: Anatakiwa apate mkataba wa maandishi kabla hata hajataja mti, mgao wake uandikwe humo. Akiambiwa atasaini baadae, bibi aondoke na mzizi wake.