Mrejesho: vidakuzi kwenye tovuti yangu ya majahazi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama tovuti yangu ndogo ya picha za majahazi ya Matondoni, hapa Lamu, inahitaji ombi la ridhaa ya vidakuzi (cookies), yaani vijifaili ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari cha mgeni. Nilifuata ushauri wa kukagua kwanza kwenye kivinjari. Nilishtuka: vilikuwa saba, changu kimoja tu, cha kukumbuka lugha! Vingine vililetwa na kihesabu wageni, video na ramani. Kihesabu nimekitoa. Video nimeziwekea picha yenye kiungo, hazipakii chochote mpaka mtu abofye. Ramani bado imenishinda, inaleta viwili, kwa hiyo ombi la ridhaa limebaki kwenye ukurasa huo pekee. Nimeeleza yote kwa Kiswahili chepesi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka mtu aambiwe data zake zinapokusanywa. Mafundi wa majahazi walioniamini na picha zao wanastahili tovuti inayofanya hivyo.