Nani aliwaambia gari linalokula oili linawekewa oili ya hovyo hovyo?

Wakuu, hili nimekaa nalo wiki tatu nikijiambia nitapoa. Sijapoa.

Gari langu ni Mjapani wa mwaka 2004, petroli, injini ya sisi (cc) 1,800, limetembea kilomita 248,000 na ushee. Aina yake sitaji maana ugomvi wangu si na kiwanda. Linakula oili, najua, na nilimwambia fundi kwa mdomo wangu kabla hajafungua nati ya kumwagia. Akanijibu: "Bosi, gari likishaanza kula oili usilipotezee hela. Si litaunguza tu? Weka hii ya elfu thelathini, nzito, moshi utakata." Muuza duka la spea pale pale gereji akadakia, akaniongezea chupa ya dawa ya kukata moshi. Nikalipa. Wakanibandikia stika kwenye kioo: rudi baada ya kilomita 5,000.

Siku ya kumi na mbili tukapata msiba Iringa. Nikawapakia mama na shangazi, tukatoka Dar alfajiri. Ukijumlisha na mizunguko ya mjini, tangu oili ibadilishwe nilikuwa nimetembea kama kilomita 1,900. Tunapandisha Kitonga, kwenye kona taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nikasogea pembeni, nikazima injini, nikasubiri kidogo. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kikavu. Sisemi oili ilikuwa chini ya alama ya L, ile ya kiwango cha chini, nasema kikavu. Nchani palikuwa na kitone cheusi kinachonata kama lami, kinanuka kuungua. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Malori yanapita yakikoroma, mama amekaa juu ya jiwe, khanga kajitanda kichwani, hasemi kitu. Kijana wa bodaboda ndiye aliyeshuka hadi Ruaha Mbuyuni kututafutia dumu. Tulipofika makaburini watu walikuwa wanatawanyika. Aliyezikwa ni baba yangu mdogo.

Nimerudi Dar nikamfuata fundi. Hakuomba hata samahani. "Gari zee hilo bosi, hayo ni kawaida."

Hapana. Kuwa zee ni kawaida, kula oili kwa kiasi ni kawaida. Kumbandikia mtu stika ya kilomita 5,000 kwenye gari unalojua linakula oili, na usimwambie achomoe kijiti kila wiki, hiyo si kawaida. Stika inakwambia lini oili itachoka. Haikwambii imebaki kiasi gani. Gari linalokula nusu lita kila kilomita 1,000 litafika kilomita 5,000 likiwa limemeza lita mbili na nusu kati ya 3.7. Fundi anayeshika spana kila siku ya Mungu hesabu hii haijui?

Na hilo neno "litaunguza tu" ndilo linaloniuma kuliko yote, maana kinyume chake ndiyo kweli. Oili ikiungua ndani ya silinda inaacha kaboni. Kaboni inajaa kwenye ringi ya chini ya pistoni, ile ya kukwangua oili, na kwenye vile vitundu vya pistoni vinavyoirudisha oili chini. Ringi ikiganda haikwangui tena, oili inapanda, inaungua, kaboni inaongezeka. Oili nzuri ina sabuni yake ya kuzuia huo uchafu usigande. Ile ya hovyo sabuni yake ni haba na inaisha mapema. Kwa hiyo gari zee ndilo linalohitaji oili safi kuliko hata gari jipya, na ninyi mnaliwekea makapi!

Nililikuta lile dumu kwenye buti nikaligeuza. Mbele limeandikwa 20W-50 kwa maandishi makubwa, na picha ya gari la mashindano. Nyuma, kwa herufi za kutafuta kwa tochi: API SF. API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, ndiyo inayopanga madaraja ya oili. Wakuu, someni nyuma ya dumu. S ni ya injini za petroli, herufi inayofuata inapanda kadiri oili inavyoboreshwa: SL ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020. SF ni ya injini zilizotengenezwa mwisho 1988. API wenyewe wameshaziweka zote kuanzia SA hadi SH kwenye kundi la zilizopitwa na wakati. Gari langu la 2004 lina VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka kwa nguvu ya oili, na cheni ya taimingi yenye tenshena (kikazio cha cheni) inayosukumwa na presha ya oili. Mlango wa oili wa VVT-i una kichujio chembamba mno, kikishaziba kwa tope ndipo utasikia gari halina nguvu, sailensa (mngurumo wa gari likiwa limesimama) inacheza, na fundi yule yule anakwambia leta laki tatu.

Uzito wenyewe sina ugomvi nao sana. Namba ya kwanza, ile yenye W, ni ya injini ikiwa baridi. Ya pili ni ya injini ikiwa moto, hupimwa kwenye nyuzi 100. Gari likichakaa kutoka 30 kwenda 40 ni jambo la maana, oili inapita kwa shida kidogo kwenye nafasi zilizopanuka. Hata 50 kwa joto la Dar kuna vitabu vya magari vinavyoiruhusu. Lakini aliyeko Njombe au Makambako, anayewasha gari saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, ukimpa 20W-50 kwenye baridi ile, oili yake inachelewa kupanda juu kila asubuhi. Uliza mteja anaishi wapi! Uliza moshi unatoka saa ngapi! Ukitoka asubuhi tu ukiwasha kisha ukakata, anza na vali sili, vile vimpira vinavyozuia oili isipenye kwenye vali. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, hizo ni ringi. Mimi sikuulizwa hata moja. Na ile dawa ya moshi kazi yake kubwa ni kuongeza uzito, moshi unapungua siku chache, ringi iko vile vile.

Halafu msije na "Toyota hazili oili, wewe hulitunzi gari". Injini ya 2AZ-FE, ile ya Camry na RAV4 za lita 2.4, ilisumbua hivyo hivyo mpaka Toyota Marekani wakaongeza waranti na kubadilisha pistoni na ringi. Kipimo chao kilikuwa kwati moja kwa maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Walipima kwanza. Hapa kwetu nani amewahi kupimiwa gari lake?

Jambo moja tena nililoliona siku ile ya kugombana: kijana wa gereji anakusanya madumu matupu ya oili za bei ghali, yenye vifuniko vizima, na kuna mtu anapita na mkokoteni kuyanunua. Huyo mnunuzi anayajaza nini? Mimi sasa nikimaliza oili natoboa dumu na bisibisi kabla halijatoka mikononi mwangu.

Nilichofanya ni hiki. Nimemwaga ile takataka, nimebadili filta, nimesafisha vali ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini na kuurudisha ukaungue, iliyokuwa imeziba kabisa (shilingi sifuri, dakika kumi, na ikiziba inaweza yenyewe kulifanya gari lile oili), nimeweka 10W-40 yenye SN, nusu sintetiki, elfu sabini na tano. Kila Jumamosi gari likiwa limepoa, mahali tambarare, nachomoa kijiti na kuandika kwenye daftari. Kilomita 1,000 za kwanza limekula kama mililita 400. Bado linakula, na lita moja ya akiba haitoki kwenye buti.

Stika nimeibandua. Aliyebadilisha ringi bila kubadili injini nzima kwenye hizi sisi 1,800, naomba aseme alilipa kiasi gani, na baada ya kilomita ngapi moshi ulirudi, kama ulirudi.